Ninamsomea baba Zaburi, nami siamini tena

BARUA

Shikamoo mama. Safu hii nimeisoma tangu nikiwa chuoni, sikudhani iko siku nami nitaandika. Naomba jina langu lisitoke wala kijiji chetu kisitajwe, maana kwetu watu wanajuana mpaka kwa ng'ombe.

Nina miaka 38, ni mhasibu hapa Dodoma mjini, nimeolewa na nina watoto wawili. Baba yangu alikuwa mwinjilisti kwa zaidi ya miaka thelathini huko wilaya ya Kongwa. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka kanisani. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mgunga, na kuigonga Jumapili asubuhi ilikuwa kazi yangu. Nyimbo nilizijua kabla sijajua kusoma.

Sasa baba ana miaka 79 na haoni. Ni vikope. Kope ziligeukia ndani zikawa zinamkwaruza jicho kila akipepesa, na alipokuja kufanyiwa upasuaji, makovu yalikuwa yameshafunika mboni. Mama alishafariki, kwa hiyo anaishi na mdogo wangu. Kila Jumamosi napanda basi, nashuka Mbande, nachukua bodaboda hadi nyumbani. Namkuta amekaa kwenye kigoda nje, pikipiki ameshaisikia tangu mbali, na Biblia ameshaiweka mapajani. Namsomea Zaburi. Nikimaliza anasema, "Haya, tuombee mwanangu."

Shida yangu iko hapo, mama. Siamini tena. Huu ni mwaka wa tatu.

Nikianza kuomba koo linakauka. Natoa maneno niliyoyakariri utotoni, yanatoka yenyewe kama wimbo wa shule, na baba anaitikia "amina" kwa nguvu huku ameukamata mkono wangu. Nikirudi mjini njia nzima najiambia: umemdanganya kipofu.

Nikitafuta ilipoanzia, nafika kwa bibi, mama yake baba. Hakubatizwa. Hakuwa na ugomvi na kanisa, alikuwa akisema tu kwamba Mulungu, yaani Mungu kwa Kigogo, anamjua tangu baba hajazaliwa, hivyo hana haja ya kujitambulisha upya. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Siku ya mazishi baba hakuomba. Mtu aliyewaombea wafu wa vijiji vitatu alisimama pembeni, kofia mkononi, wazee wakamzika mama yake kwa taratibu zao. Usiku nikamuuliza kama bibi yuko motoni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kalale." Nilikwenda kulala nikijua nimeshajibiwa.

Ukubwani nilijitahidi. Kwaya, jumuiya, mikesha, vyote nilikuwemo. Halafu miaka mitatu iliyopita tulikwenda kuzika mtoto wa mfanyakazi mwenzangu, kijana wa miaka 22. Mhubiri mgeni akasimama akasema tusidanganyane, kijana huyu hakuokoka, tunajua alipo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele pale, khanga begani. Nilimtazama usoni. Hakulia. Alitazama chini akaanza kung'oa nyuzi za ule mkeka, mmoja mmoja. Sikukasirika. Ilikuwa kama ndoo yenye tundu: hukusikia maji yakitoka, unaiinua tu unakuta nyepesi.

Sijahamia dini nyingine, na kwa waganga siendi. Jioni nikitoka kazini huwa napanda kwenye mawe ya kilima kilicho nyuma ya nyumba. Jiwe linakuwa bado na joto la mchana. Nakaa nikitazama taa za mji zikiwaka moja moja kuelekea Ihumwa. Hapo napata utulivu ambao kanisani sikuupata kwa miaka mingi. Sijui nazungumza na nani, wala kama nazungumza. Nikishuka hofu inaniingia: labda hivi ndivyo shetani anavyomtuliza mtu. Unaona mwenyewe, Mungu nimemwacha lakini shetani bado namwogopa.

Ninachokikosa zaidi ni kuimba. Nilikuwa sauti ya kwanza. Jumapili nikisikia kwaya ya mtaa wa pili, naingia jikoni na kufungulia bomba watoto wasisikie ninavyolia.

Mume wangu nimemweleza nusu nusu. Anasema ni uchovu, utapita, na nisithubutu kumwambia mzee, nitamuua. Binti yetu wa miaka 12 yuko kwenye mafundisho ya kipaimara. Juzi aliniuliza, "Mama, mbona siku hizi unafumbua macho watu wakiomba?" Sikuwa na la kumjibu.

Baba naye uzee umeanza kumsumbua. Anataka nimrudie Zaburi ya 88 karibu kila nikienda, na mwezi uliopita alidai apelekwe kaburini kwa bibi jua likiwa kali, nikamwambia tutakwenda siku nyingine.

Mama, nimwambie baba au niendelee kuigiza? Binti nimfanyeje? Na je, mtu aliyepoteza dini aliyolelewa nayo anaweza kweli kupata amani, au ndiyo nitaishi hivi hivi?

*Binti wa mwinjilisti, Dodoma*

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Barua yako imekaa mezani kwangu wiki nzima, kila nikiisoma naishia kwenye ule mkeka.

Kabla sijasema lolote, nikuambie niliposimama ili ujue namna ya kunipima. Mimi ni mtu wa kanisa, Jumapili utanikuta kwenye benchi. Sikuandikii nikurudishe huko, wala sitakusukuma utoke zaidi ya ulipofika. Imani ni ya kwako. Hata Katiba yetu, ibara ya 19, inampa mtu uhuru wa dhamiri pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Lakini najua swali lako halipo mahakamani, lipo kwenye kigoda cha baba yako.

Umeniuliza habari za baba, za binti na za amani yako. Nasikia na swali la nne ambalo hukuliandika kama swali, la bibi. Nitalifikia.

Nianze na neno lililonichoma, kwamba unamdanganya kipofu. Hebu nikuulize: baba anaposema "tuombee," anaomba nini kwako? Wewe unaichukua kama mtihani wa imani, na kila Jumamosi unaona umeibia majibu. Huenda ni kweli anataka kujua kama binti yake bado anaamini. Lakini huyu ni mzee aliyezoea kusoma mwenyewe, kuongoza mwenyewe na kuwashika wengine mikono, na leo hata ukurasa haoni. Inawezekana anachotaka ni kusikia maneno ya maisha yake yakitoka kwenye sauti anayoipenda. Basi la kwenda, pikipiki na vumbi lake, nauli ya kila wiki, ule mkono unaokamatwa: katika hayo sioni uongo hata kidogo. Sala yako inaweza kuwa na shida. Upendo wako hauna.

Hata hivyo sitaki kukuondolea mzigo huo kwa maneno matamu, maana koo lako linakauka, na mwili hausemi ovyo. Nataka nikukumbushe habari ya Imamu al-Ghazali, ambayo jirani zetu Waislamu wanaijua vizuri. Alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, wanafunzi mamia. Mwaka 1095 ulimi ulimfunga. Alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa akijilazimisha kufundisha walau siku moja awaridhishe wanafunzi, neno lisitoke. Chakula nacho kikawa hakipiti, matabibu wakakata tamaa. Akaiacha kazi na mji, akakaa miaka kadhaa huko Sham, upande wa Syria, na kwingineko akiwa mtu wa kawaida. Kwa upande wetu Wakristo, barua za Mama Teresa zilipochapishwa mwaka 2007, watu walishangaa kusoma kwamba kwa karibu miaka hamsini, ukiacha kipindi kifupi, hakumhisi Mungu kabisa, huku akiosha vidonda vya watu Calcutta. Wote wawili walibaki na dini zao, wewe huenda usibaki, na sitaki uwafanye fimbo ya kujichapia. Nimewataja kwa sababu umeandika kana kwamba ni wewe tu duniani unayefumbua macho watu wakiomba.

Sasa neno la pili: "siamini tena." Huamini nini, mwanangu? Humwamini Mungu aliyemtupa bibi yako motoni, au huamini kwamba yuko yeyote anayesikia? Haya ni mambo mawili, na ndani ya barua yako yamechanganyika. Ukiwa kwenye mkeka ule unasema la kwanza. Ukiwa unatoa sala uliyoikariri unasema la pili. Ukiwa juu ya jiwe husemi lolote, unakaa. Usikimbilie kuchagua. Mtu akitoka kwenye nyumba aliyozaliwa hupenda kupata jina la haraka la kule anakokwenda ili watu wasimwulize sana, lakini jina la haraka linaweza kukubana kama kiatu cha kuazima.

Bibi yako alisema Mulungu anamjua. Wamisionari wa Kiingereza walipofika Mpwapwa mwaka 1876 walimkuta Mulungu ameshafika. Na Biblia ilipotafsiriwa kwa Kigogo, jina hilo hilo ndilo lililotumika. Kwa hiyo jina ambalo baba yako amelihubiri kwa watu wake ni lile alilolisikia kwa mama yake akiwa mgongoni. Silisemi hili kama hoja ya kukushinda. Nalisema kwa sababu ulipokuwa na miaka tisa uliwaona wawili hao wamesimama pande mbili za shimo, na mtoto akiona hivyo hudhani ni lazima achague.

Kuhusu hofu ya shetani, usijicheke wala usijione umerukwa na akili. Ulifundishwa kuogopa kabla hujafundishwa kuelewa, na kilichoingia kwanza mara nyingi ndicho kinachotoka mwisho. Nakushauri usibishane nayo. Ikija unaposhuka kilimani, iite kwa jina lake, "hii ni ile hofu yangu ya utotoni," halafu endelea kushuka. Watu wengi huiona ikipungua miaka inavyokwenda.

Na lile jiwe. Katika nchi yetu hii ya kati, mtu kwenda kwenye jiwe kutafuta utulivu si jambo geni. Kule Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, wenyeji bado wanakwenda kuomba mvua na uponyaji. Sikuambii uchukue dini ya bibi yako. Hukulelewa nayo, na kuivaa kwa sababu umeivua nyingine hakutakusaidia. Nasema tu kwamba unapokaa pale usijihesabu kama mtoro. Tazama mambo yale unayotumia kupima chochote: unashuka ukiwa mpole zaidi kwa watoto? Unalala? Unamvumilia zaidi mumeo? Ukipata jibu baya, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Hapo kwenye kulala nitakuomba jambo. Hukuniandikia kama unakula vizuri, kama kazi bado ina ladha, kama kuna siku unaona heri usingeamka. Kulia jikoni kila Jumapili kunaweza kuwa msiba wa imani, maana ni msiba kweli, umefiwa na kitu. Kunaweza pia kuwa sonona, na sonona inatibika. Hapa Dodoma tumelizoea jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, kama tusi la kumwambia mtu, na hilo limewazuia wengi kwenda kuzungumza na wataalamu walio karibu nao kabisa. Ukiona giza haliishii Jumapili, nenda. Hakuna atakayekuuliza unasali wapi.

Sasa baba. Nimejaribu kujiweka kwenye kigoda chako kila upande.

Ukimwambia wazi, utapumua. Lakini ukishasema huwezi kurudisha, na hujui atakalofanya nalo. Anaweza kujilaumu kwamba alilea vibaya. Anaweza kuita wazee waje kukuombea, na habari ikatoka nje ya ua. Mumeo anasema utamuua. Nadhani amezidisha, maana wainjilisti waliofanya kazi vijijini miaka thelathini wamesikia maungamo mazito kuliko lako. Hata hivyo hofu yake usiipuuze.

Ukinyamaza na kuendelea kama sasa, baba atabaki na furaha yake ya Jumamosi. Gharama utailipa wewe, na naogopa siku moja utaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda. Hapo baba atapoteza sala pamoja na binti. Kwangu mimi hatari hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Ipo njia ya katikati, nayo ina miiba yake. Unaweza kusoma, halafu yeye akisema "tuombee," ukamwambia, "Baba, leo omba wewe, mimi nataka kukusikiliza." Atashtuka kidogo, pengine atauliza kulikoni. Unaweza pia kuacha sala ya kukariri ukasema yale tu ambayo koo lako linayakubali: kwamba unashukuru umemkuta mzima, kwamba unatamani mvua isikatike mtama ukiwa unachanua, kwamba mdogo wako anachoka na anahitaji nguvu. Unasema na nani? Hata wewe umeniambia kilimani hujui. Unaweza kuona kwamba kufanya hivyo ni unafiki mpya. Ukiona hivyo acha, kwa sababu anayesikia koo lako likikauka au likilegea ni wewe, mimi siko pale.

Na kuna kitu ulichokiandika mwishoni kwa haraka, ukakiita uzee. Baba anaitaka Zaburi ya 88 kila mara. Umeisoma kwa sauti mara nyingi, lakini umeisikia? Zaburi za kilio nyingi huishia kwenye sifa. Hiyo haigeuki, inaishia gizani. Katikati yake mwombaji anamuuliza Mungu kama huwatendea maajabu waliokufa. Mzee anayechagua hiyo, wiki baada ya wiki, kisha anataka kupelekwa kwenye kaburi la mama yake juani, sina hakika ni akili inayopotea. Naweza kuwa nimekosea. Sijamwona, wewe unamjua. Lakini hebu fikiria kwamba miaka hii 29 hukuwa peke yako na lile swali. Wewe ulikwenda kulala. Yeye alibaki amekaa.

Sheria ya kutomsomea asiyebatizwa ibada ya mazishi hakuitunga baba yako. Waingereza waliiandika katika kitabu chao cha sala mwaka 1662, na katika makanisa mengi mwinjilisti wa kijijini hakuwa na uwezo wa kuivunja akabaki na kazi yake. Hilo halifuti uchungu wako, na sikwambii umsamehe kwa haraka. Lakini ule ukimya wake kabla ya "kalale" ulikuwa mrefu, umesema mwenyewe. Ukiwa na miaka tisa uliusikia kama ndiyo. Ukiwa na miaka 38, unausikiaje?

Kwa binti yako nitakuwa mfupi, kwa sababu yeye ameshakurahisishia. Ameona macho yako, na hakukushitaki, ameuliza. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuambiwa, "Mama ana maswali ambayo hajapata majibu, na anayatafuta taratibu." Kumtoa kwenye mafundisho kwa ajili ya maswali yako kunaweza kumbebesha safari isiyo yake, kumsukuma aendelee huku unajifanya kunaweza kumfundisha kwamba mambo haya hayasemwi. Muulize yeye anataka nini kuhusu kipaimara, na uwe tayari jibu lisilingane na lako. Swali moja ningemlinda nalo kwa nguvu zangu zote: siku akikuuliza aliko bibi yake mkuu, asiambiwe akalale. Na zungumza na mumeo kabla hujazungumza na mtoto. Mpe habari nzima, hizi nusu nusu zinampa nafasi ya kuuita uchovu.

Kuimba sijui nikuambie nini zaidi ya kwamba usikuache. Kama kwaya ya kanisani inakuumiza, imba jikoni bila kufungulia bomba. Kuna watu hurudi kwenye kwaya wakiwa hawaamini, wengine hupata faraja, wengine huona wamejiumiza zaidi. Jaribu kidogo kidogo, ujue mwenyewe. Na baba yako, mtu wa nyimbo, sauti ya kwanza yako anaikumbuka. Sijui kama umewahi kumwimbia tangu macho yafunge.

Unauliza kama mtu anaweza kupata amani baada ya haya. Nimewaona walioipata, wengine ndani ya kanisa lile lile wakiwa wamekaa benchi la nyuma, wengine nje kabisa, wengine shambani asubuhi na mapema. Hakuna niliyemwona akiipata akiwa bado anajihukumu kwa uongo kila wiki. Kwa hiyo kama ungeniuliza pa kuanzia, ningeanza na ile safari uliyoiahirisha. Jumamosi tangulia na basi la kwanza, ufike kabla jua halijapanda. Mwambie baba leo hatusomi kwanza, tunakwenda kwa bibi. Mshike mkono hadi hapo, mwonyeshe kwa kiganja chake kaburi linapoanzia na linapoishia, kisha kaa karibu naye umwache aanze yeye.